Salamabila: muganga anayetoka mbali, nani anamuuliza hali yake?

Wauguzi wanaokuja kutibu raia kusini mwa Maniema wanasimamiwa kwa rejista na kwa hesabu ya dawa. Kuna namna nyingine ya kusimamia, inayoanza na mtu mwenyewe. Uingereza, ambako hospitali zinategemea sana wauguzi wa kigeni, wanaifanya kazi hiyo kwa mpango kamili. Je, hapa kwetu inawezekana?

Tuchukue mfano wa muuguzi mmoja. Si mtu fulani, ni wengi kwa pamoja. Amesomea Bukavu, ameitika tangazo la kazi, amefika Salamabila na begi moja. Ndugu wamebaki nyuma, mtoto wake mdogo yuko kwa bibi. Saa nane za usiku wanamletea mama aliyeanza uchungu tangu juzi, amebebwa juu ya pikipiki katika barabara ya matope. Muuguzi anafanya yote anayoweza. Mtoto anazaliwa amekwisha kufa. Mama anapona, lakini bwana yake anasimama mlangoni na kupiga kelele: "Mumeua mtoto wangu!"

Saa mbili asubuhi mstari wa wagonjwa uko tayari. Muuguzi ananawa mikono, anaanza kazi.

Alhamisi, msimamizi anafika kutoka bureau central ya zone ya afya. Anafungua rejista, anahesabu chanjo ndani ya friji, anaangalia karatasi ya joto, anauliza kwa nini ripoti ya mwezi ilichelewa. Wanaandika mapendekezo, wote wawili wanatia sahihi, kisha msimamizi anapanda pikipiki na kwenda kituo kingine. Amefanya kazi yake vizuri, wala hakuna wa kulaumiwa. Ila usiku ule haukuingia popote, isipokuwa mstari mmoja kwenye rejista ya uzazi.

Swali letu leo ni hilo: ule usiku unakwenda wapi?

Kazi nzito, mahali pazito

Wakaaji wa Salamabila hawahitaji kuelezwa mahali wanapoishi. Kwa wale wanaotusoma kutoka Uvira, Goma au Kalemie, tukumbushe kidogo. Salamabila iko katika wilaya ya Kabambare, zaidi ya kilomita 200 kusini-magharibi mwa Bukavu, karibu na machimbo ya zahabu ya Namoya. Katika hesabu ya serikali, jimbo la Maniema liko na zone za afya 18. Kabambare ina zone yake, Lusangi yake, na hii ya kwetu inaandikwa Saramabila kwenye karatasi za wizara.

Zahabu imeleta watu wengi, na pia imeleta bunduki. Kampuni ya Banro kutoka Canada ilisimamisha kazi Namoya mwaka 2019 kwa sababu ya usalama mdogo, baada ya miaka ya mashambulizi na utekaji nyara katika eneo ambako Mai-Mai Malaika walikuwa na nguvu. Raia walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilikuja kusaidia matibabu, wakiwemo waliojeruhiwa kwa risasi na waliobakwa.

Mtu aliyebakwa anatakiwa kufika kwa muganga ndani ya saa 72 ili dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ifanye kazi. Maana yake, wa kwanza kusikia habari hiyo yote, kwa maneno ya yule aliyetendewa, ni muuguzi. Anasikiliza, anapima, anaandika, anatoa dawa. Kesho yake anasikiliza mwingine. Masikio nayo yanachoka, lakini hakuna rejista inayohesabu uchovu wa masikio.

Muuguzi mzaliwa wa hapa anarudi jioni nyumbani. Kuna mama yake, kuna jirani waliyekua pamoja, kuna msikiti au kanisa alilozoea. Yule aliyetoka mbali anarudi kwenye chumba cha kukodi. Kama amezoea Kilingala cha Kinshasa, Kiswahili chetu chenyewe kinamshinda, na bibi mzee anapoeleza maumivu yake kwa Kibangubangu anahitaji mtu wa kumtafsiria. Yule wa kutoka inchi ya kigeni, aliyeletwa na shirika kwa mkataba wa miezi michache, mara nyingi anaishi kwa sheria za usalama: saa ya kuingia ndani, barabara za kukatazwa, redio ya mkononi kando ya kitanda. Kwa hiyo tunapoongea juu ya wageni, tunaongea juu ya wote wawili: aliyevuka mpaka wa inchi na aliyevuka mpaka wa jimbo.

Dunia nzima inahamisha wauguzi

Jambo hili si la Salamabila peke yake. Uingereza, katika mwaka ulioishia Machi 2023, wauguzi, wakunga na wasaidizi wa uuguzi zaidi ya 52,000 waliandikishwa upya kufanya kazi. Karibu nusu yao walisomea nje ya inchi ile, wengi India, Ufilipino na Afrika. Jirani zetu wa Kenya walitia sahihi mapatano na Uingereza Julai 2021 ili wauguzi wao waende kufanya kazi huko.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri waganga kutoka inchi nyingine. Kanuni hizo zinasema kwamba mgeni anapaswa kutendewa sawa na mwenyeji. Mwaka 2023 OMS ilichapisha orodha ya inchi 55 zenye upungufu mkubwa wa waganga. Kongo yetu iko ndani, pamoja na Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Inchi tajiri zinaombwa zisije kuvuna wauguzi huku. Lakini muuguzi akiamua mwenyewe kuondoka, kanuni hazimfungi miguu.

Ukilinganisha, utaona kitu cha ajabu. Muuguzi Mwafrika anayefika London au Birmingham, hata kama amezalisha akina mama kwa miaka kumi kwao, anawekwa kwanza kama mwanafunzi. Anapita mtihani wa vitendo, anaangaliwa namna anavyonawa mikono, anasahihishwa namna anavyotamka maneno. Anazuiliwa kufanya anachokijua. Huku kwetu ni kinyume: muuguzi anayefika kituo cha mbali, ambako daktari hayuko, anaombwa kufanya hata asichofundishwa. Yule wa kule anajisikia mdogo kuliko alivyo, huyu wa huku anabebeshwa mkubwa kuliko uwezo wake. Wote wawili wanalala na swali moja: "Je, mimi ni muganga mzuri kweli?"

Mtu anayekaa na swali hilo peke yake kwa muda mrefu, kazi yake inaharibika. Anaanza kuwakaripia wagonjwa. Au anakuwa kama mashine: anatoa dawa bila kuinua macho. Au anaondoka. Sisi raia tunasema, "Muganga ule iko na roho mbaya." Pengine si roho mbaya. Pengine ni usiku mwingi uliokosa pa kwenda.

Usimamizi wenye miguu mitatu

Mwaka 1986 mama mmoja Mwingereza, Brigid Proctor, aliandika kwamba usimamizi wa watu wanaosaidia watu wengine unasimama kwa miguu mitatu. Wa kwanza ni kuhakikisha kazi inafuata sheria. Wa pili ni kumfundisha mtu aendelee kukua. Wa tatu ni kumrudishia nguvu zilizomtoka.

Sasa tuangalie kwetu. Mguu wa kwanza tuko nao: ndio ile karatasi ya kuangalia rejista na friji. Mguu wa pili nao uko angalau kwenye maandishi, kwa kuwa wizara inaagiza usimamizi uwe wa kufundisha, si wa kutafuta makosa tu. Mguu wa tatu ndio haupo. Na kiti cha miguu miwili, kila mtu anajua kinaishia wapi.

Huo mguu wa tatu ndio unaobeba kile tunachoweza kukiita usimamizi wa kutafakari. Si jambo la kichawi. Muuguzi anakaa na mwenzake mwenye uzoefu, mahali penye utulivu, kwa saa moja hivi, mara kwa mara na kwa siku inayojulikana. Anachagua tukio moja la kazi. Mwenzake hamhubirii wala hamhukumu. Anamsaidia kwa maswali, moja baada ya jingine. Nini kilitokea? Wewe ulijisikia namna gani pale? Nini kilienda vizuri, nini kilienda vibaya? Kwa nini ilikuwa vile? Kipi kilikuwa mikononi mwako, na kipi hakikuwa? Siku nyingine ikitokea, utafanya nini?

Turudi kwa yule muuguzi wetu. Akiulizwa hivyo, anaweza kugundua kwamba mama alifika akiwa amechelewa siku mbili, na hilo halikuwa mikononi mwake. Anaweza kugundua pia kwamba kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua kilikuwa kabatini na funguo iko kwa mtu mwingine. Hilo liko mikononi mwao, na linatengenezeka wiki hii hii. Bila kikao kile, mambo hayo mawili yanabaki yamechanganyikana kichwani: lawama isiyo yake, pamoja na somo lililo lake. Faida ya kutafakari ni kuvitenganisha. Na faida hiyo haimwishii muuguzi. Mama wa pili atakayefika usiku atakuta funguo iko mahali pake.

Kule England, mwezi Machi 2021, katikati ya korona, serikali ilianzisha mafunzo ya wauguzi wa kusimamia wenzao kwa namna hii. Lengo lilikuwa kufikia mmoja kwa kila wauguzi 20. Mpango huo ni wa wauguzi wote, wenyeji na wageni, lakini ni rahisi kuona kwa nini mgeni anauhitaji zaidi: kwake hiyo inaweza kuwa saa pekee katika mwezi ambapo mtu wa kazini anamuuliza habari zake na kungoja jibu.

Kasongo ilishaonyesha njia

Msomaji anaweza kusema: "Hayo ni mambo ya Wazungu, huku kwetu hata glavu hazitoshi." Tujibu kwa historia yetu wenyewe.

Katika miaka ya 1970, Kasongo, mji ambao wengi wetu tunapita tukienda Kindu, ulijulikana kwa wataalamu wa afya wa dunia nzima. Timu ya waganga Wakongo na Wabelgiji, wakishirikiana na chuo cha magonjwa ya kitropiki cha Antwerp, walijenga mtandao wa vituo vidogo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi, na hospitali moja nyuma yao ya kupokea wagonjwa wanaowashinda. Mwaka 1981 walichapisha uchunguzi wao kuhusu chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo katika gazeti kubwa la utabibu, Lancet. Mpango wa zone za afya tunaoishi nao leo ulijifunza mengi kutoka majaribio kama lile.

Fundisho la Kasongo lilikuwa rahisi: muuguzi wa kijijini anaweza kubeba kazi kubwa, mradi asiachwe peke yake. Vita vilipokuja, pesa zilipokosekana, tulibaki na sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Tuliendelea kumbebesha kazi kubwa. Ile sehemu ya pili, ya kutoachwa peke yake, ilipungua mpaka ikawa karatasi ya kutia sahihi.

Kwa hiyo tukiomba leo usimamizi unaomwangalia mtu, hatuombi kitu kigeni. Tunadai deni la zamani la kusini mwa Maniema.

Mambo yanayozuia

La kwanza ni hofu. Msimamizi wa zone ndiye pia anayeandika ripoti kuhusu muuguzi. Nani atamwambia "niliogopa, mikono ilitetemeka" mtu anayeweza kesho kumhamisha? Ni rahisi jambo hili kujikwaa hapo. Anayesikiliza asiwe yule anayeadhibu. Na kinachosemwa pale kibaki pale, isipokuwa kama maisha ya mgonjwa au ya muuguzi mwenyewe yako hatarini.

La pili ni mazoea. Tumefundishwa kwamba muganga halii. "Jikaze" ndiyo dawa tunayompa kila mtu, na mwanaume anapewa dozi mbili. Lakini kujikaza na kukomaa ni vitu viwili. Mwenye kukomaa anajua nini kilimuumiza na anajua atafanya nini nacho.

La tatu ni usalama wenyewe. Tusijidanganye: hakuna kikao kinachozuia risasi. Tarehe 19 Aprili 2019, wakati wa Ebola, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Alikuwa mgeni aliyekuja kutuponya. Wauguzi wageni wanaokuja mashariki mwa Kongo wanaijua habari hiyo kabla ya kupanda ndege. Kumwambia mtu kama huyo "njoo tutafakari" bila kujali ulinzi wake ni dharau.

La ine ni mshahara. Wauguzi wengi wa serikali wanafanya kazi bila mshahara kamili, wengine wanaishi kwa prime kidogo na kwa pesa inayolipwa na wagonjwa. Pembeni yao, katika kituo hicho hicho, yuko mwenzao wa shirika analipwa kila mwezi kwa dola. Chuki ndogo ndogo inazaliwa hapo, na mgeni anaisikia hata isiposemwa. Usimamizi wa kutafakari hauwezi kuwa badala ya mshahara. Mkubwa yeyote atakayeutumia kuwaambia wauguzi wavumilie njaa, atakuwa ameuua siku ya kwanza.

Kinachoweza kuanza mwezi ujao

Pamoja na hayo yote, kuna hatua zisizongoja bajeti ya Kinshasa.

Kila mwezi, wauguzi wakuu wa vituo, ambao tunawaita titulaire, wanakutana bureau central kuleta ripoti na kulinganisha hesabu. Wamekwisha kusafiri, wako pamoja tayari. Saa moja ya siku hiyo inatosha: wauguzi watano au sita, bila daktari mkuu wa zone, bila karatasi, tukio moja la kazi, na maswali yale tuliyoyataja. Waganga wa London walianza vikundi vya namna hii tangu miaka ya 1950 na daktari Michael Balint. Wanachohitaji ni viti, mlango wa kufunga, na mtu mmoja wa kuchunga mazungumzo.

Kwa muuguzi mpya aliyetoka mbali, zone inaweza kumpa mwenzake wa kituo cha jirani, mwenye miaka mingi ya kazi, asiye mkubwa wake. Mtandao ukikamata, simu ya nusu saa kila juma mbili. Ukikosekana, siku ya soko. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana.

Mashirika yanayoajiri watu kutoka nje, ya Kongo na ya kigeni, mara nyingi yana mtu wa kuwasikiliza wafanyakazi wao. Wanapoingia mapatano na zone, waulizwe wazi: mlango huo unafunguka pia kwa muuguzi wa serikali anayeshika zamu pamoja nao? Usiku ulikuwa mmoja, mama alikuwa mmoja. Haifai mmoja asikilizwe na mwingine aambiwe ajikaze.

Ordre ya wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya Julai 2016, nayo ina kazi. Ni yenyewe inayoweza kusema kwamba kusikilizwa ni sehemu ya taaluma, si zawadi ya mkubwa mwenye huruma.

Kuna mpaka wa kuheshimu pia. Mwenzake wa kutafakari si daktari wa akili. Muuguzi asiyelala kwa majuma, anayerudiwa na picha za tukio hata mchana, anayeanza kukimbilia pombe, au anayesema afadhali afe, huyo anahitaji matibabu, na anayemsikiliza anapaswa kumpeleka mbele mara moja.

Na sisi wakaaji? Kamati ya afya ya eneo, CODESA, inakaa kila mara kuzungumza habari ya bati la kituo na kisima cha maji. Iongeze swali moja: yule muuguzi wetu mpya, analala wapi, anakula na nani? Mtoto akifa kituoni, wazee wawili wanaweza kusimama kati ya familia yenye uchungu na muuguzi mwenye uchungu, kabla mawe hayajaokotwa. Hilo hakuna shirika litakalotufanyia.

Tulianza kwa kuuliza ule usiku unakwenda wapi. Kwa sasa, muuguzi anabaki nao. Anaubeba mpaka siku anapanda pikipiki kurudi kwao, na kituo kinabaki na mlango uliofungwa na tangazo jipya la kazi. Kabla ya siku hiyo kuna asubuhi nyingi za kumkuta mlangoni. Ukimkuta, usianze na "dawa imefika?" Anza na "muganga, uliamka je?" Halafu ngoja ajibu.